Apolo wa Mboga

Mtu atokaye Biharamulo kwenda Ngara siku hizi hupanda gari au pikipiki, na jioni huwa amekwisha fika. Mwalimu au mganga akihitajiwa katika kijiji cha mbali, chombo hicho humpeleka. Lakini katika miaka ya 1890 njia za nchi zote zilizo magharibi mwa ziwa kubwa zilikuwa njia za miguu tu. Wakati huo walimu wa Buganda walitoka kwao wakiwa na vitabu vichache na mikeka yao. Wengine walikwenda kusini kwa Wahaya, na wengine magharibi kwa Watoro. Katika hao waliokwenda magharibi alikuwamo Apolo Kivebulaya.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, na jina lake la kwanza lilikuwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa. Ujana wake ulikuwa wa vita, kwa maana tangu mwaka 1888 watu wa Buganda walipigana wenyewe kwa wenyewe kwa ajili ya dini na ufalme, naye alishika silaha kama vijana wenzake. Mwaka 1895 alibatizwa, akaitwa Apolo. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa mzaha, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la askari juu ya kanzu yake. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Mzaha ule ukawa jina lake hata kufa.

Mwaka ule ule alikwenda Toro. Huko akasikia habari za Mboga, nchi ndogo iliyo ng'ambo ya mto Semliki, karibu na msitu mkubwa wa Kongo. Walimu wawili walikuwa wamekwenda huko kabla yake, lakini Tabaro, mtawala wa nchi, alikataza watu wasiwape chakula, hata njaa ikawarudisha. Apolo aliposikia hayo alinunua jembe. Aliona kwamba mwenye jembe hawezi kufukuzwa kwa njaa.

Mwishoni mwa mwaka 1896 akashika njia. Alipita kando ya milima ya Ruwenzori, ambayo vilele vyake vilikuwa na theluji mwaka mzima, akateremka katika bonde lenye joto kali, akavuka Semliki, mto wenye mamba, kisha akapanda tena mpaka Mboga. Alipofika alijenga nyumba, akalima shamba lake, akaanza kufundisha watu kusoma. Wachache wakamjia, na Tabaro akazidi kuchukia. Pengine haifai kumlaumu Tabaro kupita kiasi. Nchi yake ilikuwa imebanwa, upande mmoja Waingereza, upande mwingine Wabelgiji, na huyu mgeni mwenye koti la askari alikuwa amekuja bila kuitwa. Hata hivyo alimtenda vibaya sana. Siku moja Apolo alipigwa mpaka wapigaji wakamwacha wakidhani amekufa. Mwanamke mmoja akamwona, akamficha na kumuuguza mpaka akapona.

Likatokea jambo baya kuliko hilo. Watu walikuwa wakikata majani ya kujengea, na mkuki ulikuwa umeachwa katika nyasi ndefu. Mwanamke mmoja wa jamaa ya Tabaro akauangukia, akafa. Apolo akashtakiwa kuwa amemwua. Akafungwa, akapelekwa Toro kwa Waingereza, akatiwa gerezani katika minyororo. Hapo alikuwa mbali na kwao, na mbali na wanafunzi wake, wala hapakuwa na mtu aliyeona mkuki ule ulivyoachwa ambaye angependa kumtetea mbele ya mtawala wake. Apolo mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika taabu ya siku zile alimwona Yesu katika njozi, aking'aa kama jua, akimtia moyo. Mwisho shauri lilichunguzwa, akaonekana hana hatia, akafunguliwa.

Njia ya kwenda kwao Buganda ilikuwa wazi. Yeye akavuka Semliki tena, akarudi Mboga. Tabaro alipomwona anarudi kwa hiari mahali alipopigwa na kushtakiwa, alishangaa, na baada ya muda akaomba kufundishwa. Alibatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Hakuoa, mchumba wake alikufa kabla ya arusi, naye hakutafuta mwingine. Kwa miaka mingi alifanya kazi Toro, akienda kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji. Katika miaka hiyo wakubwa wa Ulaya walipima mipaka, na Mboga ikawa chini ya Wabelgiji wa Kongo. Mwaka 1915 akaomba kurudi huko, akarudi.

Sasa alikuwa na umri wa miaka hamsini na zaidi, na hapo ndipo alipoanza safari za msituni. Ndani ya msitu waliishi Wambuti, watu wafupi wa kimo, wawindaji wasiokaa mahali pamoja. Jirani zao waliwadharau. Tangu mwaka 1921 Apolo aliwafuata katika makambi yao, penye giza la miti na njia za tembo. Akajifunza lugha yao, akatafsiri kwayo Injili ya Marko, ili wawe na kitabu kwa maneno yao wenyewe.

Mwaka 1933 aliugua, akataka afie Mboga. Alikufa tarehe 30 Mei. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa chake kikielekea upande wa kwao, yaani Buganda. Lakini yeye alikuwa ameagiza kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, nao wakamzika hivyo.