John McLendon, Mwalimu wa Mpira wa Kikapu

Mwalimu wa michezo hupimwa mara nyingi kwa vikombe alivyotwaa. Maisha ya John McLendon, Mmarekani mweusi aliyefundisha mpira wa kikapu kwa zaidi ya miaka 30, yanatupa kipimo kingine: jinsi mwalimu anavyowatazama watoto wanapocheza, na anavyowatayarisha wanafunzi wake kwa nafasi ambayo jamii bado haijawapa.

McLendon alizaliwa tarehe 5 Aprili 1915 huko Hiawatha, katika jimbo la Kansas. Angali mwanafunzi mdogo aliingia katika ukumbi wa michezo wa shule mpya, akaona mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo akanuia kuwa mwalimu wa mchezo huo. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Kansas kusomea elimu ya viungo. Huko wanafunzi weusi hawakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo. Hata hivyo, mshauri wake wa masomo alikuwa James Naismith, mwalimu aliyeubuni mchezo wenyewe mwaka 1891. Kijana aliyezuiwa kucheza akawa mwanafunzi wa yule aliyeuanzisha mchezo.

Siku moja wawili hao walikuwa wakiwatazama watoto uwanjani. Watoto waliufuata mpira kila ulikokwenda. Naismith alimwonyesha kijana wake kwamba mashambulizi na ulinzi huanzia pale mpira ulipo, wala si karibu na kikapu peke yake. Kutokana na somo hilo McLendon alijenga njia yake: timu ikipata mpira ikimbie mara moja, na ikiupoteza iwabane wapinzani uwanja mzima. Njia hiyo yataka pumzi nyingi. Kwa hiyo aliwakimbiza wachezaji wake mbio za masafa marefu.

Alihitimu mwaka 1936, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika Chuo cha North Carolina cha Weusi, mjini Durham. Hapo ndipo njia yake ilipopata mtihani mgumu. Sheria na desturi za ubaguzi zilikataza weusi na weupe kucheza pamoja. Jumapili asubuhi, tarehe 12 Machi 1944, watu wengi wakiwa kanisani, timu ya weupe ya shule ya utabibu ya Chuo Kikuu cha Duke ilifika kwa siri. Milango ilifungwa, watazamaji hawakuruhusiwa. Vijana wa McLendon walianza kwa woga, wakakosa magoli. Kisha walikumbuka walivyofundishwa, wakakimbia, wakashinda kwa pointi 88 kwa 44. Baada ya mapumziko timu zilichanganywa, wakacheza tena weusi kwa weupe upande mmoja. Habari hiyo ilibaki siri kwa miaka mingi.

Katika chuo cha Tennessee A&I alitwaa ubingwa wa kitaifa wa NAIA mara 3 mfululizo, mwaka 1957, 1958 na 1959. Mwaka 1961 aliiongoza Cleveland Pipers katika ligi ya kulipwa, akiwa miongoni mwa weusi wa kwanza kuwa makocha wakuu katika ligi ya aina hiyo iliyochanganya rangi. Aliacha kazi kabla ya msimu kwisha, baada ya kutoelewana na mwenye timu. Mwaka 1969 alipewa Denver Rockets, akaondolewa baada ya michezo 28 tu. Katika michezo ya kulipwa, basi, hakupewa muda wa kujenga kama alivyojenga vyuoni.

Alifariki tarehe 8 Oktoba 1999. Jumba la Heshima la mpira wa kikapu lilimwingiza mwaka 1979 kwa mchango wake katika mchezo, na mwaka 2016 likamwingiza tena, safari hii kama kocha.

Mwalimu mwanafunzi na azingatie mambo mawili. Kwanza, njia iliyobadili mchezo ilitokana na kuwatazama watoto kwa makini. Basi kabla ya kupuliza kipenga na kusahihisha, tazama. Pili, wale vijana wa Durham hawakujua kama mlango ungefunguliwa kamwe. Ulipofunguliwa kwa asubuhi moja, walikuwa tayari, kwa sababu mwalimu wao hakungoja ufunguliwe ndipo awafundishe.