Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyeandama saratani ya watoto

JINA la Denis Parsons Burkitt lingali hai katika wadi za watoto wanaougua saratani Afrika Mashariki, ingawa mwenyewe alifariki Machi 23, 1993.

Alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin kabla ya kugeukia udaktari. Nairobi haikuwa ngeni kwake: nduguye babake, Dkt Roland Burkitt, alikuwa daktari mpasuaji mashuhuri mjini humo enzi za ukoloni.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Burkitt alihudumu nchini Kenya akiwa daktari wa jeshi la Uingereza. Mnamo 1946 alianza kazi Uganda.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Dkt Hugh Trowell alimwonyesha mtoto aliyefura taya pande zote, juu na chini. Punde si punde akamwona mwingine wa aina hiyo Jinja. Hapo akatambua kwamba huo haukuwa ugonjwa wa kubahatisha.

Mnamo 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu takriban kilomita 16,000, wakipita hospitali baada ya hospitali hadi kusini mwa Afrika. Waligundua kuwa maradhi hayo yalishamiri kwenye joto na mvua nyingi, kama vile kandokando ya Ziwa Victoria, na yalikuwa nadra katika nyanda za juu zenye baridi.

Kisu hakikufua dafu, kwani uvimbe ulikua kwa kasi mno. Burkitt aligeukia dawa, zikiwemo methotreksati na siklofosfamaidi. Jijini Nairobi, Dkt Peter Clifford naye alizitumia dawa za aina hiyo katika Hospitali ya King George VI, ambayo leo ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, magharibi mwa katikati ya jiji. Methotreksati huinyima seli uwezo wa kutengeneza chembechembe za urithi; siklofosfamaidi huziharibu chembechembe hizo. Baadhi ya watoto walipona kabisa, na ikabainika kwamba saratani yaweza kutibiwa kwa dawa pekee.

Mnamo 1964, Anthony Epstein na wenzake mjini London waligundua virusi katika seli za uvimbe huo. Baadaye, mnamo 1982, wanasayansi walibaini kuwa jeni iitwayo MYC huhama mahali pake, ikawa inaiamuru seli igawanyike bila kikomo. Malaria ya mara kwa mara pia huchangia.

Burkitt alirejea Uingereza 1966, akavuma tena kwa kuhimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Hata hivyo, urithi wake mkuu ni watoto waliopona. Ugonjwa huo unatibika, mradi mzazi anayeona taya la mwanawe likifura amfikishe hospitalini mapema.