Judy Garland: Tembe asubuhi, tembe usiku

Huenda umeiona filamu ya The Wizard of Oz ya 1939, ile ya binti mwenye viatu vyekundu. Binti huyo ni Judy Garland, jina halisi Frances Gumm, mzaliwa wa Minnesota, Marekani, 1922.

Hebu jiulize, ukiwa na miaka miwili ulikuwa unafanya nini? Mwenzako alikuwa jukwaani akiimba na dada zake. Alipofika miaka 13, studio ya MGM ikamwajiri. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Wakubwa walimwona mnene, wakamnyima chakula. Akawa anameza tembe za kumchangamsha kazini, kisha nyingine za kumlaza usiku. Na huyo bado ni mtoto wa shule!

Mwaka wa 1940 alituzwa Oscar ya waigizaji wachanga. Sawa, lakini tembe hazikumwachilia. MGM ikaachana naye 1950. Akarudi kwa kishindo 1954 na A Star Is Born, kisha 1963 akapata kipindi chake mwenyewe kwenye runinga. Kilidumu msimu mmoja tu, na madeni yalikuwa yakimwandama.

Alifia London Juni 1969, siku 12 baada ya kutimiza miaka 47. Alikuwa amezidisha dawa za usingizi.