Pepo za Juu na Lugha Isiyosomwa

Wahandisi wa Ulaya, Marekani na Uchina wanajaribu siku hizi kuzalisha umeme kwa mitambo inayopaa angani mfano wa tiara, huku imefungwa ardhini kwa kamba imara. Mingi hupaa mamia ya mita tu, ila shabaha ya mbali ni zile pepo kali zilizo juu zaidi. Miongoni mwa waliotangulia kuzipima ni Mjapani Wasaburo Oishi, na maisha yake yanatuhusu sana sisi walimu wa lugha.

Oishi alizaliwa mwaka wa 1874. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Tokyo, akajiunga na idara ya hali ya hewa, kisha akaongeza elimu Ujerumani. Mwaka wa 1920 alikabidhiwa kituo kipya cha Tateno, kaskazini mashariki mwa Tokyo. Kati ya 1923 na 1925 yeye na wenzake walirusha maputo zaidi ya 1,000 na kuyafuatilia kwa darubini. Walibaini kuwa majira ya baridi, kwenye kimo cha kilomita 9 hivi, upepo wa magharibi huvuma kwa kasi ipatayo kilomita 250 kwa saa.

Ripoti yake ilitoka mwaka wa 1926 kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili kuunganisha mataifa. Oishi aliipenda, na baadaye akaiongozea taasisi yake nchini Japani. Alitaka ulimwengu mzima umsome. Karibu hakuna aliyemsoma. Mwishoni mwa 1944 marubani wa Marekani waliokwenda kushambulia Tokyo walishangazwa na upepo ule ule. Japani nayo ikautumia kupeleka mabomu Marekani kwa maputo. Oishi alifariki mwaka wa 1950.

Wapo watakaodai kwamba kisa hiki kinathibitisha sayansi iandikwe kwa Kiingereza tu. Nakataa. Kiesperanto hakikushindwa kuueleza upepo. Kilikosa wasomaji katika fani hiyo. Kiswahili kina wasomaji tele, lakini katika shule zetu za upili tunafunza fizikia kwa Kiingereza, kisha twalalamika kuwa vitabu vya sayansi kwa Kiswahili ni haba. Nani atavisoma? Hapana budi mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja, waandike, watafsiri, na wamzoeze mwanafunzi kusoma. Msamiati tunao, tusipowalea wasomaji, tutakuwa tumeandika ripoti nyingine ya Tateno.