Dennis Ritchie, mzee wa lugha ya C

Baadhi ya vijana wetu wanaojifunza programu za kompyuta huanzia lugha ya C, na wengi hawamjui aliyeiunda. Dennis Ritchie alizaliwa Marekani mwaka 1941. Babake alikuwa mtu wa Bell Labs, naye baada ya kusoma fizikia Harvard akaingia huko huko mwaka 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 70 akaiunda C, na mfumo wa Unix, alioujenga na mwenziwe Ken Thompson, ukaandikwa upya kwa lugha hiyo.

C humwamini mno mwandishi wake. Mwanafunzi akitenga nafasi ya herufi kumi, kisha akalipokea jina la mtu kwa gets, C haiulizi jina lina urefu gani. Ni pishi kumiminwa ndani ya kibaba. Kinachomwagika huharibu vya jirani. Mwaka 1988 programu haribifu ya Morris ilipenya kwa mwanya huo, pamoja na mingine, ikalemaza maelfu ya kompyuta. Anayeanza na ashike fgets, ambayo hutaka kwanza aitaje saizi ya chombo.

Ritchie alifariki Oktoba 2011, siku chache baada ya Steve Jobs. Jobs alililiwa dunia nzima, Ritchie, wapi! Disemba hiyo hiyo kanuni mpya za C zikatoka, na gets haimo tena.