Padri Mendel na Njegere Zake

Hapa Lubumbashi watu wengine hufuga sungura nyuma ya nyumba. Pengine dume wa kijivu na jike wa kijivu huzaa watoto, na mmoja wao ni mweupe kabisa, mwenye macho mekundu. Mwenye sungura hushangaa: weupe huo umetoka wapi? Mtu aliyetufungulia fumbo hilo alikuwa padri, Gregor Mendel.

Alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimwita Johann. Baba yake alikuwa mkulima. Mwaka 1838 gogo lilimwangukia baba, akaumia sana, asiweze tena kazi nzito. Fedha za shule zikakosekana. Ndipo Theresia, dada yake mdogo, alipotoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ndoa yake, ili kaka yake asiache masomo. Mendel hakusahau wema huo. Baadaye aliwasaidia wana wa Theresia kusoma, na wawili wao wakawa madaktari.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapata upadri. Alipenda sana kufundisha, lakini mwaka 1850 alishindwa mtihani wa ualimu. Mkubwa wake hakumkatia tamaa, bali alimpeleka Vienna kusoma zaidi.

Mwaka 1856 alianza kazi yake kubwa katika bustani ya monasteri. Alitwaa njegere za namna mbili: nyingine zenye punje za manjano, nyingine zenye punje za kijani. Alifungua ua lisilochanua bado, akaondoa sehemu zake zenye unga, kisha akalipaka unga wa ua la mmea mwingine. Hivyo alijua baba na mama wa kila punje.

Punje zilizotokea zote zilikuwa za manjano. Je, rangi ya kijani imekufa? Mendel alizipanda punje hizo, akaiacha mimea izae yenyewe. Alipovuna, alihesabu punje 8,023. Za manjano zilikuwa 6,022, za kijani 2,001. Basi, karibu katika kila punje nne, tatu ni za manjano na moja ya kijani. Rangi ya kijani haikufa, ilijificha tu.

Sababu ni hii. Kila mmea una alama mbili za rangi ya punje, moja ya baba na moja ya mama. Nao humpa mtoto wake alama moja tu. Alama ya manjano ina nguvu, hufunika ya kijani. Punje huwa ya kijani ikiwa imepata alama ya kijani kwa baba na kwa mama pia.

Ndivyo ilivyo kwa yule sungura mweupe. Hata wafugaji wa mijusi ya Asia yenye madoa kama chui hutumia hesabu hii kukisia rangi za watoto kabla mayai hayajaanguliwa.

Na kwa watu je? Pengine baba na mama weusi humzaa mtoto mwenye ualbino. Wajinga humsingizia mama, au husema ni uchawi. Huo ni uongo. Baba na mama wote wawili walikuwa na alama iliyojificha, wala hawakujua. Mtoto ni wao kweli, naye ni ndugu yetu.

Mwaka 1865 Mendel aliwaeleza wataalamu wa Brno kazi yake, na mwaka 1866 ikachapishwa. Watu wachache tu waliijali. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abati, na shughuli za monasteri zikamjaa mikononi. Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 wataalamu watatu, kila mmoja katika nchi yake, walitangaza majaribio yaliyotoa hesabu ile ile. Walipotazama maandishi ya zamani, walikuta padri wa Brno amewatangulia. Hivyo kazi yake nayo ilijificha miaka mingi, kisha ikaonekana.

Maswali
1. Theresia alimsaidiaje kaka yake?
2. Kwa nini punje za kijani zilitokea tena?
3. Jirani akimsingizia mama wa mtoto mwenye ualbino, utamjibu nini?