Thomas More, Mtumishi wa Mfalme

Watu wengi hudhani kwamba siasa ni kazi ya wenye hila, na ya kuwa mtu mwenye haki hana budi kukaa mbali nayo. Wengine huiona kuwa shamba la kuvuna mali na sifa. Thomas More alifanya kazi za serikali kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini. Wala hakuzikimbia, wala hakuzifanya kuwa mungu wake.

Alizaliwa London, katika Uingereza, mwaka 1478. Baba yake alikuwa mwanasheria. Alipokuwa kijana alitumika katika nyumba ya Morton, Askofu Mkuu wa Canterbury, kisha akasoma Oxford, akarudi London kujifunza sheria. Kwa muda wa miaka minne hivi alikaa karibu na wamonaki wa shirika la Mtakatifu Bruno, akishiriki sala zao, akijiuliza kama Mungu anamwita awe mmonaki. Mwishowe alitambua kwamba wito wake ni ndoa na kazi za ulimwengu. Lakini siku zote alivaa shati la manyoya makali chini ya nguo zake, asije akasahau yeye ni nani. Mke wake Jane alimzalia watoto wanne, akafariki mwaka 1511. More akamwoa Alice, aliyekuwa mjane. Binti zake aliwafundisha Kilatini na Kigiriki sawasawa na mwanawe, jambo lililokuwa la ajabu siku zile.

Mwaka 1510 alianza kuamua kesi za watu wa mji wa London. Mwaka 1515 mfalme Henry VIII alimtuma Flandria, katika nchi ya Ubelgiji ya leo, kupatana na wenyeji juu ya biashara ya sufu. Huko alianza kuandika kitabu chake Utopia, kilichopigwa chapa Leuven mwaka 1516. Ndani yake watu wanabishana: Je, mwenye hekima akubali kumtumikia mfalme? Msafiri mmoja anakataa, kwa kuwa wafalme wanapenda vita na kusifiwa. Mwenziwe anamjibu kwamba nahodha haachi chombo kwa sababu hawezi kuzuia upepo. Usipoweza kuleta jema lote, punguza ovu. More mwenyewe akaifuata njia hiyo ya pili.

Mwaka 1523 akawa Spika wa Bunge, akamwomba mfalme awaruhusu wabunge kusema wanayoyafikiri pasipo hofu. Mwaka 1529 akafanywa Kansela, mkubwa wa mahakimu na mshika muhuri wa mfalme. Husimuliwa kwamba mjane mmoja, aliyeshinda kesi mbele yake, alimletea zawadi ya glavu zilizojazwa fedha za dhahabu. Kansela akapokea glavu kwa adabu, akamrudishia dhahabu yake yote. Tena mkwe wake mmoja alipoleta shauri akitumaini undugu, alihukumiwa kushindwa, kwa kuwa haki haikuwa upande wake.

Walakini yafaa kusema kweli yote. Katika siku za ukansela wake watu kadhaa walichomwa moto kwa sababu ya imani yao, naye aliona adhabu hiyo kuwa ya haki. Akili yake, iliyowaza katika kitabu kisiwa ambamo watu wa dini mbalimbali wanakaa pamoja kwa amani, haikulikubali jambo hilo katika nchi yake. Mwaka 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha waziwazi kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini.

Basi siku ikaja ambapo yeye mwenyewe alilazimishwa. Mfalme alitaka kumwacha mkewe Catherine na kumwoa Anne Boleyn. Papa alipokataa kuitangua ndoa ile, mfalme akaamua kuitawala Eklezia ya Uingereza. Tarehe 16 Mei 1532, siku moja baada ya maaskofu kumtii mfalme, More akaurudisha muhuri. Hakuchochea fitina wala hakukusanya watu. Alinyamaza nyumbani, mapato yakapungua.

Mwaka 1534 akaitwa kuapa. Alikubali kwamba Bunge lina uwezo wa kuamua nani atarithi kiti cha ufalme, maana hilo ni jambo la nchi. Lakini kiapo kilikana pia mamlaka ya Papa, naye hakuweza kuapa uongo mbele ya Mungu. Akafungwa katika Mnara wa London. Alice akaja, akamkumbusha nyumba yake, vitabu vyake na jamaa yake, vyote ambavyo neno moja lingemrudishia. Hata Margaret, binti yake mpenzi, alimsihi. Hilo lilimchoma kuliko minyororo. Walipomnyang'anya karatasi na wino, alimwandikia Margaret kwa makaa.

Tarehe 1 Julai 1535 akahukumiwa kufa kwa ushahidi ambao yeye aliukana kuwa ni wa uongo; tarehe 6 akakatwa kichwa. Hapo mwisho hakumlaani mfalme, bali aliwasihi watu wamwombee.

Papa Pio XI alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 1935, pamoja na Askofu John Fisher, aliyeuawa siku chache kabla yake. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II akamweka kuwa msimamizi wa watawala na wanasiasa.

Hivyo maisha yake yanaonyesha kazi ya siasa na mpaka wake. Kazi yake ni kuamua kesi bila upendeleo, kulinda neno la raia na kuepusha vita. Kazi hiyo ni njema, nayo yahitaji watu wema. Mpaka wake ni dhamiri ya mtu. Mtawala aweza kuamuru mikono ilime barabara na kulipa kodi. Hawezi kuamuru moyo usadiki asiyosadiki. Sikukuu ya Mtakatifu Thomas More ni tarehe 22 Juni.